Hadithi ya mtoto: aiandike vipi, na nani aisome?

Ukurasa wa familia mwezi huu unajibu swali ambalo wazazi wengi wametuletea: siku hizi walimu wengine wanatumia simu na intaneti kuwafundisha watoto kuandika hadithi. Je, hayo ni masomo au ni mchezo? Yanamsaidia mtoto kweli? Na ile hadithi ikishaingia ndani ya simu, inakwenda wapi?

Tuliyatafuta majibu Kampala. Wengi wetu hapa kambini tuna ndugu kule, Nsambya, Katwe, Makindye au Kisenyi, na watoto wao wanasoma pamoja na watoto wa Waganda. Tulikaa na wazazi, na tukakaribishwa kwenye darasa la jioni ambalo walimu wawili, mmoja Mkongomani na mmoja Mganda, wanawafundisha watoto baada ya shule. Walituomba tusiandike majina yao wala mahali penyewe, na mtaona kwa nini hilo ni sehemu ya habari hii.

KUNAKILI SIYO KUANDIKA

Chukua daftari la mtoto wako ulifungue. Huenda utakuta kurasa zimejaa, mwandiko mzuri, tarehe kila siku. Sasa mwambie aandike sentensi tatu tu juu ya jambo aliloliona jana. Wengi watakaa na kalamu mdomoni. Siyo wajinga. Ni kwamba darasa lina watoto 80 au 100, mwalimu ni mmoja, kwa hiyo anaandika ubaoni na watoto wananakili. Kunakili kunazoeza mkono. Kichwa kinabaki kimelala.

Kwa watoto wetu wa Kampala kuna mzigo wa pili, nao ni lugha. Mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unasema mtoto wa P.1 mpaka P.3 afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Lakini Kampala ni mji wa makabila mengi, kwa hiyo shule nyingi zinafundisha Kiingereza toka siku ya kwanza. Basi mtoto aliyetoka Bukavu au Goma anaongea Kiswahili nyumbani, Luganda anapocheza, na Kiingereza darasani. Akifika shuleni anarudishwa madarasa ya chini, kwa vile Kiingereza hakijui. Unamkuta kijana wa miaka 12 amekaa P.3 na watoto wa miaka 8, kimya, anaona haya.

Halafu likaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha herufi alirudi amesahau.

Mama mmoja wa Katwe alituambia hivi: "Mimi Kiingereza sijui. Mtoto akileta daftari ninaangalia tu kama amejaza ukurasa. Siwezi kujua kama ni kweli ama ni bure." Jamani, wangapi kati yetu tuko hivyo?

VITABU VINAVYOKAA NDANI YA SIMU

Wazo la kuleta vitabu kwa njia ya intaneti siyo geni Uganda. Mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ya Uganda ilikuwa na gari lenye kompyuta, dishi la setilaiti na printa. Gari lilifika shuleni, kitabu kikachapwa hapohapo, na watoto wenyewe wakasaidia kukibandika. Lakini vingi vya vile vitabu viliandikwa na watu wa mbali.

Mwaka 2014 ilifunguliwa tovuti inayoitwa African Storybook. Ilianzishwa na shirika la elimu la Afrika Kusini linaloitwa Saide, na majaribio ya mwanzo yalifanyika Afrika Kusini, Kenya na hapahapa Uganda, mashuleni na kwenye maktaba za jamii. Leo ina hadithi za watoto katika lugha zaidi ya 200 za Afrika. Kiswahili kimo, Luganda imo, Kinyarwanda kimo, Lugbarati imo. Kuzisoma ni bure.

Lililowavutia walimu ni kwamba tovuti hiyo haikuachia kusoma tu. Ina mlango wa kutengeneza hadithi. Unachagua picha katika ghala la picha zao, au unapiga picha mchoro wa mtoto mwenyewe. Chini ya kila picha unaandika maneno. Ukurasa kwa ukurasa, mwisho unapata kitabu chenye jalada na jina la mwandishi. Unaweza kukihifadhi bila kukitangaza, au kukitangaza watu wote wakisome. Unaweza pia kuchukua hadithi ya mtu mwingine ukaitafsiri kwa lugha yako, au ukairahisisha kwa watoto wadogo. Vitabu vimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia vile vyenye neno moja moja au sentensi fupi chini ya picha, mpaka hadithi ndefu ambazo mtu mzima anamsomea mtoto.

Wahindi nao wana tovuti yao ya namna hiyo, StoryWeaver, iliyofunguliwa na Pratham Books mwaka 2015. Na kule Kanada, watu wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichukua hadithi 40 za African Storybook wakaziweka kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha za wahamiaji, Kiswahili na Kisomali zikiwemo. Kwa hiyo familia iliyopata safari ya kwenda Kanada inaweza kuzikuta kule hadithi ambazo mtoto alizisoma Uganda.

Kuhusu gharama tusidanganyane. Uganda ilifuta ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii Julai 2021, lakini ikaweka kodi ya asilimia 12 juu ya bando. Intaneti ni pesa. Walimu tuliowatembelea wanashusha hadithi mara moja kwa wiki, mahali penye intaneti ya bure, halafu wanazisoma bila bando. African Storybook wametoa programu mbili za simu, moja ya kusoma na moja ya kutengeneza hadithi, na zote zinaweza kutumika bila intaneti ukishaziweka. Kwa darasa la watoto 34, simu ni moja tu, tena kioo kimepasuka.

FISI ALIPOKWENDA OWINO

Hebu tuwaeleze vile somo linavyokwenda, maana hapo ndipo tulipoelewa.

Simu haitolewi mwanzo. Kwanza watoto wanasimulia kwa mdomo, wawili wawili. Kisha kila mmoja anakunja karatasi ipate visanduku sita, anachora hadithi yake, kisanduku kimoja jambo moja. Baada ya hapo anaandika sentensi moja chini ya kila mchoro, kwa lugha anayoitaka. Halafu anamsomea mwenzake, na mwenzake lazima aulize swali moja. Simu inakuja mwisho. Mwalimu anapiga picha michoro, mtoto anasoma sentensi zake, mwalimu anaziandika huku watoto wengine wanaangalia.

Siku ile msichana mmoja wa Bukavu alikuwa na hadithi ya fisi. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Fisi alienda Owino kuuza viatu."

Mwalimu Mganda akauliza, "Hivyo viatu alivipata wapi?"

Mtoto akashangaa. "Hana viatu, mwalimu. Ndiyo maana anaenda kuuza."

Darasa likacheka, maana watoto wa Kongo walielewa na wengine hawakuelewa. Wengi wa upande wa Kivu wanasema kuuza wakiwa na maana ya kununua, na yule mwenye duka ndiye anayeuzisha. Kwa Kiswahili cha Tanzania na cha vitabuni ni kinyume. Mwalimu Mkongomani akaandika maneno yote mawili ubaoni. Hakusema lipi ni la wajinga. Aliuliza tu: "Kitabu chako kitasomwa na nani? Wakiwa watu wa kwetu peke yao, acha. Wakiwa na wa Tanga na Mombasa, fikiri." Mtoto alifikiri, akaandika kununua.

Hadithi ikaendelea. Fisi anakuta viatu vinauzwa jozi, yaani viwili viwili, naye ana miguu minne, na pesa yake inatosha jozi moja tu. Ndipo mwenzake akauliza lile swali lake la lazima: "Alivaa miguu ya mbele ama ya nyuma?" Mwandishi hakuwa amewaza hilo. Akachukua karatasi akaongeza kisanduku cha saba, kwa hiari yake, bila mtu kumwagiza.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la kwanza. Mtoto anajifunza kuandika akiwa na jambo lake la kusema na mtu anayetaka kulisikia. Daftari la kunakili halina msomaji, mwalimu anaweka alama ya vema na basi. Kitabu kina msomaji, na msomaji huuliza. Simu inasaidia kwa sababu inafanya maneno ya mtoto yaonekane kama kitabu cha kweli, na watu wa mbali wanaweza kuyasoma. Lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika kwenye karatasi, kwa penseli, kabla simu haijatoka mfukoni.

Wazazi wengine wanalalamika: "Tumemleta mtoto ajue Kiingereza, nyinyi mnamwandikisha Kiswahili." Tunawaelewa, maana mtihani wa mwisho wa P.7 ni wa Kiingereza. Lakini fikirini. Mtoto anayejua kupanga hadithi, mwanzo, katikati na mwisho, ataupeleka ujuzi ule kwenye Kiingereza. Yule asiyejua kupanga, hata Kiingereza kikimjaa mdomoni, karatasi itabaki nyeupe. Darasa lile wakishamaliza Kiswahili, wanaitafsiri hadithi pamoja kwa Kiingereza, na tovuti inaruhusu kuziweka zote mbili. Tena Kiswahili siyo cha kuonea haya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikikubali kiwe lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima mashuleni. Mtoto wako anacho tayari kile ambacho wengine watatafuta mwalimu.

HADITHI YA KUANDIKA NA HADITHI YA KUTUNZA

Sasa tufike kwenye jambo zito.

Mama mwingine, wa upande wa Makindye, alituambia kilichompata. Walikuja wageni kwenye darasa la mwanawe. Wakawaambia watoto waandike juu ya vita na safari ya kukimbia. Mwanawe, wakati ule ana miaka 10, aliandika yote: jina la kijiji, jina la baba, aliyekuja usiku, walivyopita msituni. Wageni wakashukuru, wakapiga picha, wakaenda. Baada ya miezi, jirani akamwonyesha mama ile hadithi kwenye simu, ina jina la mtoto na uso wake. "Mimi nilikimbia na kunyamaza miaka yote," alisema. "Sasa mtu yeyote anaweza kujua tuko wapi."

Wageni wale hatuwataji, na hatusemi walikuwa na nia mbaya. Tunasema wazazi wajue mambo matatu.

La kwanza, hadithi ikitangazwa kwenye tovuti hizi inapewa leseni huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuinakili, kuitafsiri, hata kuibadilisha, mradi ataje mwandishi. Nyingine zinakataza kuifanyia biashara tu. Kwa hadithi ya fisi hii ni baraka, inasafiri mpaka Lesotho. Kwa hadithi ya baba yako ni hatari, maana mtu akishainakili, hata ukiifuta kwenye tovuti, nakala yake inabaki. Neno likitoka halirudi, na la intaneti ndiyo kabisa.

La pili, sheria iko upande wako. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla mtu hajakusanya au kutumia taarifa za mtoto, isipokuwa mahali ambapo sheria yenyewe imeruhusu. Kuwa mkimbizi hakukuondolei haki hiyo. Una haki ya kuuliza na una haki ya kukataa, na kukataa siyo kukosa adabu.

La tatu, mtoto akitaka mwenyewe kuandika juu ya yaliyompata, asizuiwe. Wengine wanapata nafuu wakiandika. Lakini karatasi ile ni yake. Aiandike akiwa karibu na mtu mzima anayemwamini, ikunjwe, itunzwe nyumbani. Na akianza kukosa usingizi au kulia baada ya kuandika, msimlazimishe kuendelea. Mpelekeni kwa wahudumu wa afya au wa ulinzi wa watoto.

Mwalimu wa darasa la jioni ana kanuni yake: "Simwagizi mtoto aandike vita. Ninamwagiza aandike jambo la kuchekesha, jambo la ajabu, au jambo alilosimuliwa na bibi." Na kweli, tulipozisoma zile hadithi 34, zilikuwa za mbuzi aliyekula leso ya shangazi, za boda boda iliyokataa kuwaka, za mvua iliyojaza Katwe maji, za chapati iliyogawanywa watu sita. Watoto hawa wanajulikana sana kwa mambo yaliyowapata. Wana mengi mengine ya kusema, wakiulizwa.

KABLA YA KUKUBALI, ULIZA

Mwalimu au mgeni akisema anataka kuweka hadithi ya mtoto wako kwenye intaneti, muulize hivi:

1. Itawekwa tovuti gani, na nani ataisoma?

2. Jina gani litaandikwa? Jina la utani au "mtoto wa miaka 9" linatosha. Jina la ukoo lisiwekwe.

3. Kuna picha ya uso, ya nyumba au ya sare ya shule? Mchoro wa mtoto unatosha na unapendeza zaidi.

4. Ndani ya hadithi kuna majina ya watu wa kweli, kijiji tulichotoka, au mtaa tunaokaa? Yabadilishwe.

5. Naweza kusomewa hadithi yote kwa lugha ninayoielewa kabla haijatangazwa?

6. Mtoto mwenyewe anataka? Muulize ukiwa naye peke yenu.

Na jambo moja la kuwakumbusha walimu: siyo hadithi zote zilizoko kule zimepitiwa na wahariri. Soma mwenyewe kwanza kabla ya kuwapa watoto.

KAMA HUNA SIMU

Wasomaji wetu wengi hawana simu ya tachi. Msikate tamaa. Karatasi moja inatosha kutengeneza kitabu.

Kunja karatasi nusu kwa nusu mara tatu, upate visanduku 8. Ifungue yote. Ikunje tena mara moja, upande mfupi juu ya upande mfupi. Sasa kata kwa mkasi kuanzia pale ilipokunjwa, ufuate mstari wa katikati, ukome kwenye mkunjo unaokutana nao. Ifungue yote, uikunje kwa urefu, halafu shika ncha mbili uzisukume zikutane mpaka pale ulipokata pafunguke. Laza kurasa upande mmoja: umepata kitabu kidogo chenye jalada na kurasa sita za ndani. Hakihitaji gundi wala uzi.

Jioni moja kwa wiki, bibi au babu asimulie, mtoto achore na kuandika. Kama wewe mzazi hujui kusoma, kazi yako bado ipo, tena ni kubwa. Keti, mwambie akusomee, halafu muulize swali moja. "Halafu ikawaje?" Swali hilo halina shule na kila mzazi analiweza. Anayeulizwa swali hilo kila wiki ataongeza kisanduku cha saba.

Na ukurasa wetu huu uko wazi. Watoto walete hadithi zao fupi kwenye ofisi ya gazeti, kwa Kiswahili chochote wanachoongea nyumbani. Tutachapa tatu kila mwezi. Chini yake tutaandika umri tu. Jina la mwandishi litabaki nyumbani kwake, na mzazi atasomewa kwanza kabla hatujachapa.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa. Mada yetu itakuwa maji safi na kuhara kwa watoto wakati wa mvua.